Rimoti Mkononi mwa Daktari Gero

Mzee anaingia mbio kwenye maabara yake iliyochimbwa mlimani. Mkono wake mmoja umebaki nje, kwenye majabali. Waliomkata wanamfuata, na anajua hawatachelewa. Mbele yake yamesimama makasha marefu ya chuma yenye namba, na katika mawili wamelala kijana na msichana ambao yeye mwenyewe aliwalaza kwa sababu alikuwa akiwaogopa. Kabla ya kufanya lolote anachukua kidude kidogo cha kutosha kiganjani: rimoti ya kuwazima kwa dharura. Anapokuwa nayo mkononi, ndipo anapofungua kasha lenye namba 17.

Dakika chache baadaye kichwa chake kiko chini, kimetengana na kiwiliwili, na kijana yule yule anakirukia na kukiponda kwa miguu yake.

Huyu ni Daktari Gero wa Dragon Ball, hadithi ya Akira Toriyama iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1984, na ambayo sehemu yake ya Z ilionyeshwa kwenye televisheni kuanzia Aprili 1989 hadi Januari 1996. Wengi walioiona utotoni wanamkumbuka kama mzee wa kupitia tu: alikuja, akapigwa, akakimbia, akauawa, ndipo maadui wenyewe wakaingia. Mimi nimeirudia sehemu ile mara nyingi, na kila nikiirudia nashawishika zaidi kwamba karibu yote yaliyofuata, hadi kwa Cell, adui mkubwa wa mwisho wa kisa hiki, yalikuwa tayari yamo ndani ya chumba kile kabla mlango haujavunjwa. Nataka tukae humo kwa muda, tukiangalie hasa kile kidude.

Kwanza mtu mwenyewe. Gero alikuwa mwanasayansi wa Jeshi la Red Ribbon, jeshi la watu binafsi lililokuwa likisaka mipira ya joka, ile inayomwita joka la kutimiza maombi, kwa bunduki na mabomu. Goku, shujaa wa hadithi hii, alilisambaratisha akiwa bado mtoto. Kamanda Red aliuawa na msaidizi wake mwenyewe, makao makuu yakabaki magofu, waliosalimika wakatawanyika. Gero hakutawanyika. Alijifungia milimani karibu na North City na kuendelea na kazi kana kwamba jeshi bado lipo, na kazi yenyewe ikabaki moja: kumuua Son Goku.

Alichokifanya baada ya hapo kilihitaji subira ambayo watu wenye hasira huwa hawana. Alitengeneza roboti ndogo mfano wa wadudu, akazituma zimfuate Goku kila alikokwenda. Zikamwona kwenye mashindano ya mapigano, zikamwona akipambana na Piccolo, zikamwona siku Vegeta alipofika duniani (wote wawili walianza kama maadui zake kabla ya kuwa upande wake). Gero akakusanya vipimo, akapiga hesabu ya nguvu za Goku na kiasi ambacho zingeongezeka kadiri miaka inavyokwenda, kisha akaunda mashine za kuzipita hesabu hizo. Kisasi chake kilikuwa na daftari.

Ila daftari lina ukurasa uliobaki mtupu. Goku aliposafiri kwenda sayari ya Namek, wale wadudu hawakumfuata. Siku ya mapambano Gero analisema hili mwenyewe, tena kwa kujiamini: aliona hakuna haja, vipimo vya pambano na Vegeta vilimtosha. Na Namek ndiko Goku alikogeuka Super Saiyan, umbo la nguvu kupita kiasi la watu wa asili yake, kwa mara ya kwanza. Nguvu moja ambayo Gero alipaswa kuijua kuliko zote ilizaliwa mahali pekee ambapo hakutazama.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni kwamba ndani ya jengo lake mwenyewe palikuwa na chombo kilichojua zaidi yake. Chini ya sakafu ya maabara ile kulikuwa na kompyuta iliyokuwa ikimkuza kiumbe aitwaye Cell, na kompyuta hiyo iliendelea kukusanya chembe za mwili za wapiganaji, hata za Frieza, dhalimu wa anga, na baba yake walipotua duniani. Siku hiyo waliyotua ndiyo siku ambayo Trunks, kijana aliyetoka wakati ujao, aliwamaliza wote wawili akiwa Super Saiyan. Jicho la kompyuta lilikuwepo pale pale. Mzee wa ghorofa ya juu hakujua. Alikuwa ameshaiacha kazi ya Cell kwa kuwa ingechukua miaka mingi mno, na alipoiacha kazi aliacha pia kusikiliza ilichokuwa ikimwambia.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Trunks alikuwa ametoka kiasi cha miaka 20 mbele na kuwaonya Goku na wenzake: tarehe 12 Mei, miaka mitatu kuanzia siku ile, yapata saa nne asubuhi, binadamu wawili wa kutengenezwa watatokea kwenye kisiwa kilicho kilomita 9 kusini magharibi mwa South City. Wakajiandaa miaka mitatu. Walipofika walikuta tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Wapiganaji hawa wamezoea kumtambua adui kwa kuihisi nguvu yake ya uhai, kama mtu anavyosikia harufu ya moshi kabla hajauona moto. Mashine hazina nguvu hiyo. Ikabidi watafute kwa macho, mtaa kwa mtaa, katikati ya watu wanaokwenda zao kazini, bila kujua wanamtafuta mtu wa sura gani.

Yamcha, mmoja wa wenzao, ndiye aliyewaona, au tuseme wao ndio waliomwona yeye. Mzee mwenye masharubu marefu meupe na kofia ndefu alimkamata mdomoni, kiganja kimefunika uso asiweze kupiga kelele, na kwa kiganja hicho hicho akaanza kumnyonya nguvu. Kisha akaupitisha mkono wa pili kifuani mwake hadi ukatokea mgongoni. Mzee huyo hakuonyesha chuki wala furaha. Yamcha hakuwa lengo, alikuwa kitu kilichotokea njiani chenye nguvu za kutosha kunyonywa, kwa hiyo akanyonywa. (Haragwe la senzu, lenye kuponya majeraha papo hapo, ndilo lililomwokoa.)

Halafu Goku, ambaye hata akiwa na adui mbele yake huwafikiria wapita njia, anaomba wahamie mahali pasipo na watu. Gero anakubali ombi kwa namna yake. Anaachia miale kutoka machoni, anazungusha kichwa, na sehemu kubwa ya mji inageuka kifusi na moto. Mahali pasipo na watu papatikane hapa hapa.

Nimesimama kwenye tukio hili kwa sababu linaeleza akili yake kuliko hotuba yoyote. Gero si mwendawazimu anayecheka huku akibomoa. Ameombwa nafasi isiyo na watu, naye ametafuta njia fupi. Watu, kwake, ni sehemu ya hesabu inayoweza kufutwa ili jibu litoke haraka. Nashikilia kwamba hapa ndipo penye kiini cha kisa kizima, maana baadaye atawatazama kwa jicho hilo hilo wale vijana wawili walio kwenye makasha, na wao, tofauti na watu wa mjini, watakuwa na uwezo wa kujibu.

Yanayofuata nitayapita haraka. Goku anapambana na Namba 19, yule mnene mweupe kama unga, lakini ugonjwa wa moyo aliotabiriwa na Trunks unamwangusha katikati ya pambano. Vegeta anafika, anageuka Super Saiyan. Namba 19 anamkamata mikono ili amnyonye, Vegeta anavuta hadi viganja vya roboti vinang'oka, kisha anamlipua. Hapo Gero, ambaye sasa ni Namba 20, anaelewa kwamba hesabu zake ni za mtu ambaye hayupo tena. Anakimbilia kwenye majabali. Anajaribu kumnyonya Piccolo kwa kumvizia kutoka nyuma, anashindwa, na Piccolo anamkata mkono.

Namba zake zenyewe zina habari ya kutueleza. Kwa kawaida ungetarajia 19 awe na nguvu kuliko 18, na 20 kuliko wote, maana fundi hujifunza kadiri anavyotengeneza. Huku ni kinyume. Namba 17 na 18, waliotengenezwa kutokana na miili ya binadamu halisi, ndugu pacha, wana nguvu zisizoisha na wanawazidi 19 na 20 kwa mbali sana. Nionavyo mimi, baada ya pacha hawa Gero aliacha kutafuta nguvu na kuanza kutafuta utii. Namba 19 ni mashine tupu, anafuata amri. Na Namba 20 ni Gero mwenyewe, aliyeuhamishia ubongo wake kwenye mwili wa kutengenezwa ili asife. Alipochoka kutafuta mtumishi wa kumwamini, alijitengeneza yeye.

Hivyo alipokimbia kurudi maabara alikuwa anakwenda kufanya jambo ambalo alishalikataa akiwa na akili iliyotulia. Alikuwa ameshawahi kuwaamsha wale pacha, hawakumtii, akawalaza tena. Hakuna kilichobadilika tangu siku hiyo isipokuwa marekebisho yake aliyotumaini yatasaidia, na ile rimoti.

Namba 17 anafumbua macho, anatoka kwenye kasha, anamwona mzee amesimama mbele yake na kidude mkononi. Anamwamkia kwa adabu. Kijapani alichotumia ni cha heshima kamili, kile cha mdogo kwa mkubwa, ambacho kwa masikio yetu ni shikamoo. Gero anafurahi. Unaiona furaha hiyo usoni, na ndilo tukio pekee katika kisa hiki ambapo namwona kama mzee wa kawaida, mtu aliyetaka tu kijana wake amwamkie vizuri. Namba 18 anaamshwa, naye anaamkia. Wanamsikiliza. Kijana anagundua kwamba Gero mwenyewe sasa ni wa kutengenezwa, wanazungumza kidogo juu ya hilo. Mzee anawaeleza kwamba maadui wako mlangoni.

Na wakati wote huo kijana anakitazama kiganja chake.

Halafu kwa kasi ambayo jicho la kawaida halioni, rimoti imehama mkono. Gero anafoka irudishwe. Namba 17 anasema kwa maneno yake kwamba hawatalazwa tena, anafumba ngumi, na kidude kinapasuka vipande vipande.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kijana alilifanya kwa hiari yake. Hakumpiga mzee kwanza. Hakuuliza kwa nini aliibiwa maisha yake, wala hakukimbilia mlango. Shikamoo ile ilikuwa ya kumsogelea mwenye rimoti. Ina maana kwamba alipolazwa mara ya mwisho alilala akijua ni nini kilichomlaza, na alipoamka wazo lile lilikuwa bado lipo pale alipoliacha. Gero alipima kila kitu kwa watu hawa isipokuwa hiki kimoja, kwamba mtu aliyezimwa anakumbuka kuzimwa.

Kwenye nyumba nyingi za kwetu rimoti ya televisheni hukaa kwa baba. Mtoto anajua hata baba akisinzia kwenye kochi usiiguse, kwa sababu mkono ulioishika ndio unaoamua nyumba nzima itazame nini na hadi saa ngapi. Lakini baba yule akizima televisheni, mtoto anabaki na baba. Kuna chakula cha usiku, kuna kuulizwa habari za shule, kuna mengi yanayowafunga pamoja mbali na kile kidude. Gero hakuwa na kingine. Ukiiondoa rimoti ile, kati yake na hao aliowaita kazi ya mikono yake hakuna hata uzi mmoja uliobaki. Ndiyo maana mara tu ilipovunjika alikuwa ameshakufa. Ilibaki kutekelezwa tu.

Mlango unalipuliwa, Vegeta na wenzake wanaingia, Gero anatoa amri wauawe. Namba 17 anamjibu kwamba watafanya watakapopenda. Namba 18 hata hatazami mlangoni, ameshavutiwa na kasha jingine, la Namba 16. Gero anapiga kelele kumkataza: huyo asiguswe, akiamshwa dunia nzima itaangamia pamoja na wao. Anawaita, anawaamrisha, anawatisha, yote matatu kwa pamoja, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaelewa kwamba amri zake ni kelele tu sasa. Namba 17 anaupenyeza mkono mwilini mwake kutoka nyuma, kisha anaruka na kukiondoa kichwa kwa teke moja. Mwisho wake mnaujua.

Wengi wanaoeleza kisa hiki hukifunga kwa methali ya mchimba kisima huingia mwenyewe. Naielewa, lakini inatuficha jambo. Methali ile inahusu bahati mbaya inayomrudia mtu, na Gero hakupatwa na bahati mbaya. Ushahidi upo kwenye historia ya Trunks. Katika dunia aliyotoka yeye, Gero pia aliwaamsha pacha hawa, na pia waliwahi kumuua yeye kabla ya wengine wote. Nyakati mbili, mazingira tofauti, matokeo yale yale. Jambo likitokea mara mbili hivyo, tulitafute kwenye muundo wa kitu chenyewe.

Na muundo huo ulikuwa mbaya kuliko pacha wenyewe walivyojua siku ile. Cell, yule aliyekuwa akikuzwa chini ya miguu yao, alibuniwa ili akamilike kwa kuwameza Namba 17 na Namba 18. Yaani Gero alipowageuza vijana wawili kuwa silaha, aliwaweka pia kuwa chakula cha silaha nyingine. Juu ya hayo aliwapandikizia mabomu mwilini. Hesabu vifungo: rimoti ya kuwalaza, bomu la kuwalipua, na kiumbe wa kuwameza. Vitatu, kwa watu ambao hakuwahi kuwaomba chochote.

Wala mtindo huo haukuwa mpya. Wakumbukao hadithi ya utotoni mwa Goku wanamkumbuka Namba 8, lile jitu pole la Jeshi la Red Ribbon lililokataa kumpiga mtoto. Ninja Murasaki alimtolea kitufe na kumwambia kuna bomu ndani yake, apigane ama alipuliwe. Goku alimwangusha Murasaki kabla hajabonyeza, na baadaye bomu lile likatolewa. Jeshi lilikufa, tabia yake ikaishi kwenye mikono ya mwanasayansi wake.

Kuna swali ambalo wachambuzi wengi hulikwepa, nami sitaki kulikwepa. Je, tumshangilie Namba 17? Katika historia ya Trunks pacha hao hao, walioonewa na mtu huyo huyo, waliwaua karibu wapiganaji wote na kuichoma miji kwa miaka, kwa starehe tu. Gohan, mtoto wa Goku, aliuawa nao. Kuonewa hakukuwafanya wema. Lakini katika historia hii ya pili, baada ya kumponda mzee wao, wanawapiga akina Vegeta na kuwaacha hai, wanachukua gari la watu na kuanza safari ya taratibu kwenda nyumbani kwa Goku kana kwamba wako likizo, na njiani Namba 18 anataka kusimama dukani kwa ajili ya nguo. Trunks anashangaa, hawa si wale anaowajua.

Hadithi yenyewe haitoi maelezo ya moja kwa moja. Mimi naona tofauti moja kubwa machoni petu: Namba 16. Trunks alipomwona hakumtambua, kwao hakuwahi kutokea. Huku Namba 18 alilifungua lile kasha licha ya kelele za mzee, na ndani yake akatoka jitu la chuma tupu, lililoundwa kwa ajili ya kumuua Goku, ambalo ajabu yake linapenda ndege na miti na halina hamu ya kumdhuru mwingine yeyote. Toriyama alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba Gero alimtengeneza kwa mfano wa mwanawe aliyekufa, na hakutaka kumwona akiharibiwa. Ikiwa ndivyo, basi amri ya mwisho ya Gero ilikuwa ni kulinda kitu pekee alichokipenda, na alishindwa kulisema hilo. Alichojua kusema ni vitisho. Nadhani kutembea na Namba 16 siku zile kuliwafanyia pacha wale jambo ambalo marekebisho yote ya maabara hayakuliweza. Ni usomaji wangu, anayeona vingine atetee.

Nje ya hadithi, Gero alikataliwa na mtu mwingine pia. Toriyama alisimulia kwamba Kazuhiko Torishima, aliyekuwa mhariri wake zamani, alipoona 19 na 20 alimlalamikia kwamba maadui wenyewe ni mzee na mtu mnene. Ndipo akawaleta 17 na 18. Torishima akalalamika tena kwamba sasa ni vijana wadogo tu, akaja Cell. Kwa hiyo kuanguka kwa Gero kwa sehemu ni kazi ya simu ya mhariri. Hilo halikipunguzii kisa uzito hata kidogo. Mwandishi aliyelazimika kumtoa mzee jukwaani angeweza kumuua kwa mkono wa Vegeta, kazi ikaisha. Alichagua amuue yule aliyekuwa amelazwa, na akachagua aanze na rimoti.

Kisha akairudisha rimoti.

Krillin, rafiki wa Goku tangu utotoni, na wenzake walipoharibu maabara ya chini walikuta michoro ya Namba 17. Bulma, fundi wa kundi lao, akaisoma, akatengeneza kidude kile kile upya, cha kuwazima pacha ukiwa karibu nao. Krillin akakabidhiwa. Wakati huo Namba 17 alikuwa ameshamezwa na Cell, na ikiwa Namba 18 naye atamezwa, Cell atakamilika. Sababu ya kubonyeza ilikuwa nzito kuliko yoyote aliyowahi kuwa nayo Gero. Krillin anamkaribia, amejificha, kidole kiko kwenye kitufe. Msichana yule alikuwa amewahi kumbusu shavuni, labda kwa utani. Jasho linamtoka. Anajua Cell yuko jirani, anajua wenzake wanamtegemea.

Anajitokeza, anakiweka kidude chini mbele ya macho ya Namba 18, anakikanyaga hadi kinavunjika. Kisha anamwambia akimbie.

Mara ya kwanza rimoti ilivunjwa na aliyefungwa nayo. Mara hii imevunjwa na aliyeishika. Na sitasema kwamba lilikuwa jambo la busara. Muda mfupi baadaye Cell alimpata Namba 18, akammeza, akakamilika, na gharama yake ililipwa na watu wengi sana. Kuna marafiki zangu ambao hadi leo hawajamsamehe Krillin, na hoja yao nimeshindwa kuivunja. Ninachoweza kusema ni kwamba alimwona mtu pale ambapo michoro ilimwonyesha mashine, na baada ya kuona hivyo hakuweza tena kutoyajali macho yake.

Gohan alipompiga Cell, Cell akamtapika Namba 18, akiwa hai. Na vita vilipokwisha, joka Shenron lilipoitwa kuwafufua waliokufa, na Namba 17 akarudi pamoja nao, lilibaki ombi moja. Krillin akaomba 17 na 18 warudishwe kuwa binadamu. Joka likasema hilo limezidi uwezo wake. Gero alikuwa fundi hodari kiasi hicho. Basi Krillin akaomba mabomu yaliyomo miilini mwao yaondolewe, na hayo yakaondolewa. Kifungo cha mwisho kati ya vile vitatu.

Namba 17 alikuja kuwa askari wa wanyamapori, anayelinda kisiwa dhidi ya majangili, mwenye mke na watoto. Namba 18 aliolewa na Krillin, wakapata binti. Lakini siku ile ya Shenron hayo yote yalikuwa bado. Namba 18 alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo akisikiliza ombi lile. Krillin alikuwa akijieleza kwa huzuni kwamba anamtakia mema yeye na Namba 17, akidhani ni wapenzi. Akajitokeza, akamkaripia: mjinga, huyo ni pacha wangu. Akasema pia asidhani kuondolewa bomu kumemfanya awe wake. Kisha akaaga kwa neno lenye maana ya tutaonana, akaruka zake.